Kambove kwa Baiskeli ya Urefu wa Baba

Nianze na upumbavu, kwa sababu ndio uliotangulia. Nilikwenda kupimwa baiskeli nikiwa nimevaa viatu vya misa, na ndani ya kila kiatu nilikuwa nimepanga vipande vinne vya katoni ya sukari. Ninyi wa darasani mnaoniuliza kwa nini tangu vakansi, ile likizo yetu, natembea kama bata mwenye jipu pabaya, jibu ni hilo. Mengine yote ni maelezo. Lakini mmeng'ang'ania maelezo, basi kaeni.

Kwa Papa Mutombo

Papa Mutombo mnamjua, yule fundi wa baiskeli wa Katuba aliyewahi kuwa karani, ambaye hata leo huweka kalamu sikioni akifunga nati. Ni mtu wa Kasai. Watu wake wengi walikwishapanda treni kurudi kwao tangu mambo ya Katanga kujitenga yaanze. Yeye alibaki, lakini kila treni ikipita anaacha spana na kuitazama mpaka behewa la mwisho.

Mjomba alikuwa ameniahidi baiskeli nikifaulu. Nikafaulu, tafadhali msicheke. Magurudumu na usukani akatoa yeye. Kilichobaki ni kuchagua kadre, ule mwili wa chuma unaoshika vyote. Papa Mutombo alikuwa nazo mbili ukutani: vingt-deux, inchi ishirini na mbili, ambayo ni ya binadamu, na vingt-quatre, ishirini na nne, ambayo ni ya twiga.

"Vua biatu," akaniambia. "Kadre banaipima na miguu mutupu."

"Niko na kidonda, Papa."

"Ku mguu gani?"

"Yote mbili, Papa. Ni mapacha."

Aliniangalia kama anavyoangalia tairi iliyozibwa na mtu mwingine. Kisha akanisimamisha juu ya ile chuma ya juu, mguu huku na mguu huku, akapitisha mkono wake kati ya chuma na suruali yangu, bila aibu, kama daktari wa ng'ombe.

"Sikia, petit. Ukiwa unaenda misa ku goudron, njia ya lami, bidole mbili inatosha hapa kati. Ukienda njia ya muchanga na majiwe, unaacha kiganja muzima. Ku goudron weye njo unachagua saa ya kushuka. Ku majiwe, njia njo inachagua. Unaenda njia gani?"

"Ya kando ya reli."

"Basi kamata vingt-deux."

"Ninataka vingt-quatre. Angalia, Papa, miguu inafika chini."

Miguu ilifika. Katoni ya sukari ilifika. Papa Mutombo akatoa kalamu sikioni, akaandika namba kwenye daftari lake, akasema, "Weye njo utatembea. Miye ninabaki hapa."

Sasa kwa nini ya twiga? Hapa nitasema mara moja na msinikumbushe. Baba yangu yuko Kambove, kwenye mgodi. Alikwenda kwa treni, na baiskeli yake, nikiwa mfupi wa darasa, na tangu hapo miezi kumi na saba ikapita. Sisi asili yetu ni kule kaskazini, upande wa Manono, na tangu vita vianze kule, mwanaume mzima wa kwetu akikutwa barabarani huulizwa maswali ambayo hayana jibu zuri. Kwa hiyo Baba alikaa ndani ya kambi ya wafanyakazi, nasi tukakaa Katuba. Nilipokuwa mdogo alinibeba mbele, kwenye ile chuma ya juu, nami nikigeuka kumtazama niliona kidevu chake kiko huko mbinguni. Mtu wa namna hiyo anapanda vingt-quatre. Hilo halihitaji kupimwa. Nilitaka akiniona, anione juu ya urefu wake.

Na haraka ilikuwepo. Siku moja kabla ya kwenda kwa fundi, dereva wa lori alituletea neno: Jumatatu inayokuja Baba na wenzake wanahamishiwa Kolwezi. Kolwezi ni mbali maradufu, na njia yake mbaya zaidi. Mama alisikia, akasema, "Aksanti, papa," akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Hapo nikajipa kazi: nimfikie kabla ya Jumatatu, nimrudishe nyumbani hata kwa siku moja. Mama nilimwambia nakwenda kwenye mafungo ya vijana parokiani, siku tano za sala na ukimya. Mimi na ukimya! Angepaswa kushtuka hapo hapo.

Katuba mpaka Luishia

Mambo ya karatasi za ruhusa siyaelezi. Kila mtu ana mjomba. Niliondoka Ijumaa asubuhi, baridi ya mwezi wa saba ikinikata masikio, nikiwa na blanketi, chupa ya maji, mihogo ya kuchemsha, na bahasha moja nitakayowaambia.

Viatu vya misa niliviacha nyumbani. Na hapo ndipo nilipogundua kwamba katoni ya sukari ni sehemu muhimu ya baiskeli. Nikikaa kitini, pedali ikifika chini niliigusa kwa ncha ya kidole gumba tu. Nikiisimamisha, hakuna mguu uliofika ardhini. Kusimama maana yake ilikuwa kuanguka, upande unaochagua wewe. Kupanda nilihitaji kichuguu. Kushuka nilihitaji kichuguu kingine. Asanteni mchwa wa Katanga, ninyi ndio mlionisafirisha.

Barabara kubwa niliikwepa kwa ajili ya vizuizi, nikashika kijia cha kando ya reli, kokoto na mchanga, mchanga na kokoto. Kufikia saa nne nilikuwa nimeanguka mara sita. Ile chuma ya juu ilinisalimu kila mara, na mahali iliposalimia siandiki, daftari hili Mama analifungua.

Lakini kijia nacho kina kizuizi, pale kinapokata barabara. Kulikuwa na mapipa mawili, gogo juu yake, na majandarme watatu, askari wa Katanga, wanaota moto chini ya bendera ya misalaba. Mmoja, mwenye mistari ya sajenti begani, akainuka.

"Simama!"

"Siwezi, chef!"

"Njo nini, hauwezi?"

Nikakata kona kabla ya gogo, nikaanza kuwazunguka. Hapakuwa na kichuguu wala mti wa karibu.

"Minasema simama!"

"Ninatafuta kichuguu, chef!"

"Kichuguu ya nini?"

"Ya kushukia!"

Nikapita mzunguko wa pili. Wale wawili walikuwa wameshika bunduki, lakini mmoja tayari alikuwa ameuma mdomo. Mzunguko wa tatu sajenti alikamata kiti kwa nyuma, baiskeli ikasimama, mimi nikaendelea kidogo peke yangu.

Walipekua mzigo. Mihogo wakaikagua kwa kuila. Kisha sajenti akafungua bahasha, akatoa karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena. Uso ukabadilika.

"Hii ni ramani ya wapi?"

"Haiko ramani, chef. Ni mguu."

"Mguu? Na hii bisiwa tano huku juu?"

"Ni bidole. Ni mguu ya dada yangu, Bea. Baba alimuacha anatambaa. Sasa anatembea. Niliweka mguu yake ku karatasi, nikazungusha kalamu, Baba aone."

Hakuna aliyecheka. Sajenti aliushika mguu wa Bea juu ya kiganja chake, kama anaupima, akauliza, "Tangu lini baba yako hamuone?" Nikamwambia. Akakunja karatasi kwenye mikunjo yake ile ile, akairudisha kwenye bahasha, akasema, "Miye, mutoto yangu iko Bukama." Halafu akakumbuka cheo chake. "Toka hapa! Na tafuta kinga ya kipimo yako!"

Walinipandisha wenyewe kwenye hiyo kinga, yaani baiskeli, wawili wakiishika, mmoja akinisukuma mgongoni.

Luishia nilifika jua likielekea kuzama, mweupe kwa vumbi. Pale stesheni kuna mama mmoja anauza chakula, wanamwita Mama Feliste. Aliniwekea bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya mihogo, na vipande vya kitu cha kahawia, laini, chenye pilipili. Nilikula vitatu nikasifu.

"Mama, nyama yako iko muzuri. Ni ya nini?"

"Nyama wapi? Ni chikanda. Mizizi ya poli na karanga."

"Basi huu mzizi uliwahi kuwa mbuzi."

Wateja wakacheka, nami nikapata nguvu, nikawasimulia majandarme na kichuguu, nikimwigiza sajenti. Mama Feliste hakucheka. Alisubiri nimalize.

"Unaenda kuona nani?"

"Baba."

"Anajua unakuya?"

"Hajui."

Akaongeza bukari bila kuulizwa. "Kula kwanza. Ukijaza kinywa utaacha kuchekesha bantu, utapumuzika." Nilikula nimeinamisha kichwa. Pilipili ilikuwa nyingi.

Luishia mpaka Likasi

Jumamosi haikuwa siku, ilikuwa goti. Goti la kulia lilivimba kwa kunyooka kufuata pedali, na kila niliponyoosha nilisikia sauti ya Papa Mutombo ikisema kiganja muzima, kiganja muzima. Tairi la nyuma likatoboka. Wachoma makaa wawili waliniazima pampu, lakini kwanza walitaka kujua mwenye baiskeli yuko wapi.

"Ni miye."

"Haa, mwenyewe. Ule mukubwa."

Nikawaambia niko nakua. Wakasema basi tungoje wote, kazi yao nayo inataka subira. Nilipoteza karibu nusu siku pale, na treni moja ikapita kuelekea kwetu Elisabethville, tupu, madirisha wazi. Nilihesabu mabehewa. Baba angeweza kukaa katika lolote. Nafasi ilikuwepo, nawaambieni, nafasi tele, na hakuna aliyekaa.

Likasi, ile ambayo shuleni tunaiandika Jadotville, niliiingia nikiisukuma baiskeli. Mlinzi wa shule moja ya misheni akanipa ubaraza na maji ya moto ya goti. Sina la kusimulia zaidi. Nililala kama gunia.

Likasi mpaka Kambove

Vilima. Kupanda nilisukuma; kushuka sikuthubutu kukaa kitini, kwa sababu mwisho wa mteremko hakuna anayejua kama kuna kichuguu. Kwa hiyo kilomita zile, zaidi ya ishirini, mimi ndiye niliyeitembeza baiskeli, siyo yenyewe iliyonitembeza mimi. Akina mama waliotoka shamba waliniuliza kama ni mgonjwa. Nikawauliza nani, mimi au kinga.

Lakini nilipoona bomba la moshi la Kambove na ile ardhi iliyochimbuliwa, ya kijani na nyekundu kama jeraha la zamani, nilitafuta kichuguu, nikajifuta uso kwa blanketi, nikapanda. Nilikuwa nimeapa kuingia nikiwa juu.

Jumapili moja

Misa ilikuwa inatoka. Nilijiegemeza kwenye ukuta wa kanisa, mguu mmoja juu ya jiwe, bado juu ya kiti, nikaanza kumtafuta Baba. Nilimtafuta kwa kuangalia juu. Watu walimwagika mlangoni, wachimbaji na wake zao, na mimi macho yangu yalipita juu ya vichwa, nikitafuta kichwa kinachozidi vingine. Nikaona katekista mmoja mrefu, moyo ukaruka; siye. Watu wakapungua. Nikaona mlango mtupu. Nikajisemea, walikwishawapeleka, nimechelewa.

Mtu akashika usukani wangu.

"Deo?"

Nilishuka, maana yake nilianguka, na mtu huyo akanidaka. Tuliposimama, macho yake yalikuwa sawasawa na yangu. Sikuinua kichwa. Kilikuwa kidevu kile kile, sauti ile ile, na kofia yake ya Jumapili, lakini vyote vilikuwa hapa, mbele ya pua yangu.

"Mama yako iko muzima? Bea?"

"Bako bazima, Baba."

"Juu ya nini ulikuya? Nani alikutuma?"

"Hakuna muntu alinituma."

Akanishika kisogo, akaniegemeza begani mwake, na nilihitaji kuinama kidogo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko goti.

Kambini aliizunguka baiskeli yangu, akainama, akasoma namba.

"Vingt-quatre? Nani alikupimia hii?"

Nikamwambia yote, viatu vya misa, kidonda cha mapacha, katoni. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akataka kuijaribu. Akaruka juu, akazunguka mara moja, akakosa ardhi kwa mguu, akaenda kulala kwenye matuta ya viazi ya jirani. Majirani wakatoka. Nikamuuliza, "Lakini Baba, yako si ni vingt-quatre?"

"Yangu?" Akajipangusa udongo, akanionyesha baiskeli yake, imeegemea ukuta. "Yangu ni vingt-deux, tangu nilipooa mama yako. Vingt-quatre ningeipandaka na ngazi?"

Tulikula vitoyo, wale samaki wakavu wa chumvi, na bukari, yeye akitoa miiba na kuniwekea minofu kana kwamba bado nina miaka sita, nami nikaacha. Nikampa bahasha. Aliuweka mguu wa Bea juu ya goti lake, akaweka kidole chake kuanzia kisigino, akahesabu: kidole kimoja na nusu. Aliupima tena kutoka upande wa pili, kana kwamba huko ungetoka mfupi zaidi.

Ndipo nikalisema lililonileta. "Baba, turudi. Leo hii. Treni zinapita mutupu, nimeziona. Siku moja tu, halafu utaenda Kolwezi."

"Kesho asubui camion inatuchukua. Nikikosa, kazi imekwisha, na posho yenu imekwisha."

"Mama anaosha masufuria safi."

Baba akaikunja karatasi. "Ulipita vizuizi ngapi?"

"Moja."

"Ku ile moja, weye mutoto, balicheka. Miye, wangesoma jina yangu, hawangecheka. Nikipotea pale ku njia, mama yako atangojea nani? Sasa anangojea muntu. Lala, mwana."

Asubuhi lori lilikuja. Baiskeli hazikuruhusiwa kupakiwa. Baba akanikabidhi ya kwake, akaniambia niende nayo. Ile ya twiga akampa yule katekista mrefu, ambaye aliipanda pale pale, miguu yote miwili ikifika chini, bila haya. Nilipanda ya Baba. Kiti hakikuhitaji kushushwa wala kupandishwa. Baba aliona. Aligonga kiti mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayeaga ng'ombe, akaenda kupanda lori. Walikuwa wamesimama wengi nyuma, na nilijua sasa nisimtafute juu. Nilimwona katikati, kati ya mabega mawili, mpaka vumbi likaziba.

Kurudi

Nilirudi kwa siku mbili. Sikuanguka hata mara moja. Niliweza kusimama popote, mguu chini, nikanywa maji, nikaendelea. Kwa Mama Feliste nilisimama. Aliniangalia, akaniwekea bukari. Sajenti alifungua gogo akisema, "Aa, ulipata kinga ya kipimo yako!" Nilimpa saluti. Sikuwa na utani mwingine.

Baiskeli ya Baba ina bati la nyuma lililolegea, linalogonga tak-tak, tak-tak, kila tairi likizunguka. Baba alisema alifunga waya mara nyingi, linajifungua. Miezi kumi na saba sauti ile haikuwa imesikika mtaani kwetu, na mimi, mpumbavu, sikufikiri. Nilikata kona ya Katuba saa kumi jioni, nikishuka polepole, tak-tak, tak-tak.

Mlango wetu ukafunguka kwa nguvu. Mama akatoka mbio, kitenge kimefungwa nusu, mikono yenye unga.

"Papa Deo!"

Ndivyo anavyomwita Baba. Jina langu lilikuwamo, lakini hakuwa ananiita mimi.

Akaniona. Alisimama katikati ya ua, unga ukidondoka kutoka kwenye vidole. Nilijua padri alikwishamwambia kwamba mafungo yalikuwa bila mimi. Nilikuwa tayari kwa mwiko, kwa mkanda, kwa chochote. Alikuja polepole, akaizunguka baiskeli, akaweka kiganja juu ya kiti.

"Kiti uliishusha?"

"Hapana, Mama."

"Uliipandisha?"

"Hapana. Nilipanda vile iko."

Akaacha mkono pale pale. Kisha Mama akasema hivi, na ninaandika kama alivyosema:

"Ulileta kinga yake, ulileta na urefu yake. Yeye mwenyewe, Deo, ulimuacha wapi?"